Sakafu ya Mama Aida na Mbwa Aitwaye Watasema

Haya ninayosimulia ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza hata punje moja ya chumvi, basi sindano ya cherehani na ishuke kwenye kidole changu, kitambaa kiharibike, na mwenye kitambaa awe polisi.

Wapo wanaosema mzee Anyitike ameacha kushona nguo, sasa anashona maneno. Waacheni. Wengi wao hawakuwepo Mkwajuni mwaka ule wa hamsini na mbili, na waliokuwepo wamelala makaburini. Hawawezi kunibishia.

Kwa asiyekuwa nasi wiki jana: nilikuwa fundi cherehani kijana, nimeshuka kutoka milima ya Ileje kuwafuata wachimba dhahabu wa Saza, maana mchimba dhahabu hupasua suruali kuliko mtu yeyote duniani. Nikapanga nyumba ya Mkwajuni ya Mama Aida, mjane aliyeishi Mbangala. Baadaye nikapata kibaraza kizuri cha kushonea Tunduma, nikaamua kuhama. Kabla sijahama, tumbili wangu akatoroka na koti la Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, aliloniletea nimshonee mfuko. Niliwaacha nikiwa juu ya paa na ndizi mkononi, nambembeleza tumbili ashuke, naye ananitazama kama hakimu.

Hakushuka. Nilishuka mimi, tena kwa mgongo.

Nilipokuwa bado chali kwenye mabua ya mahindi, akatokea Lusubilo. Huyu alikuwa jirani yangu, Mndali mwenzangu, mpishi wa mzungu mmoja kule mgodini.

"Umeanguka au umelala?" akauliza.

"Napumzika."

"Basi pumzika upesi. Nimekutana na watu wa Mbangala. Mama Aida anakuja kesho kupokea nyumba yake. Anakuja na Mzee Barnaba awe shahidi."

"Kesho? Si alisema Jumamosi?"

"Kesho ni Jumamosi, fundi."

Nikainuka.

Mtaniuliza, mpangaji anayehama anaogopa nini? Abebe kitanda chake, aende zake. Wasomaji wangu, mimi nilimwogopa yule mama kwa sababu ya binti yake. Mimi na Aida tulikwisha kuelewana nyuma ya magunia ya karanga sokoni. Kilichobaki kilikuwa mshenga tu. Lakini Mama Aida alikuwa amekwisha kufukuza wachumba wawili. Wa kwanza alitema mate ndani ya uzio. Wa pili alisifia ugali kabla hajauonja. Na kauli yake ilijulikana kuanzia Mbangala hadi Saza: "Mtu humjui anapoingia nyumbani mwako. Unamjua anapotoka."

Nikitoka vizuri, nimempata Aida. Nikitoka vibaya, nitashona suruali za watu peke yangu mpaka kufa.

Tena nilikuwa na sababu nyingine ya kuharakisha. Kwetu Ileje na kwao Mbangala mwiko ulikuwa mmoja: ukishakuwa mkwe, humtazami mama wa mkeo usoni, humsemeshi, hupiti mbele yake, mpaka umtolee kitu cha kufungua kinywa. Wenzangu wengi waliupenda mwiko huo, wakasema unaleta amani. Mimi ungeniua. Mtaji wangu wote ulikuwa ulimi. Nilitaka nimlainishe yule mama ningali mpangaji, wakati bado naruhusiwa kusema.

Sasa tatizo. Siku nilipopanga nyumba, Mama Aida alisimama mlangoni akaniwekea sharti moja tu. "Kuku sawa. Chochote chenye miguu minne kisivuke kizingiti cha marehemu mume wangu." Nikaapa kwa jina la mama yangu. Wakati naapa, mbwa wangu alikuwa amejificha nyuma ya debe.

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Kwetu mbwa hapewi jina bure. Jina la mbwa ni barua ya wazi kwa majirani. Jirani akipita, unamwita mbwa wako kwa sauti, mwenye masikio anasikia. Mimi walinisema naringa kwa kuwa navaa tai siku za kazi. Ndipo kila wakipita nikawa naita, "Watasema, njoo. Watasema, kula. Watasema, lala."

Baada ya mbwa akaja tumbili, jina lake Kinyozi, kwa sababu mteja akikaa chini alimpekua kichwa mpaka mtu akasinzia. Baada ya tumbili akaja kobe, nikamwita Posta. Alichelewa, lakini alifika.

Na nyumba yenyewe? Watasema alifukua sakafu karibu na mlango akitafuta mfupa aliouzika mwenyewe akausahau. Posta alichimba handaki chini ya kitanda. Siku moja kiatu changu kilitumbukia humo, nikaenda kanisani na kimoja. Kinyozi alitia mikono kwenye mkaa wa pasi yangu, akaupapasa ukuta mweupe kuanzia chini hadi kwenye boriti. Ukiingia ungedhani watoto wa shule nzima wamepanda ukutani wakapotelea darini.

"Tuanze wapi?" nikamwuliza Lusubilo.

"Mimi ningeanza kwa kukimbia," akasema. Hata hivyo akavua shati.

Tukatoa vyombo vyote uani, tukafagia masizi. Tukaziba handaki la Posta kwa mawe na udongo. Tukachota udongo mweupe kule mtoni, tukaukoroga kwenye debe, tukapaka ukuta. Lusubilo alikuwa amejifunza kwa mzungu wake namna ya kupaka keki sukari, basi akaupaka ukuta vile vile. Ule ukuta ulimeta, wasomaji. Ulimeta hata majogoo wa jirani waliwika alasiri wakidhani kumekucha. Anayebisha akawaulize majogoo.

Ikabaki sakafu.

Kusiliba sakafu kwetu ni kazi ya mwanamke. Unachanganya udongo na samadi mbichi ya ng'ombe na majivu kidogo, unapiga magoti, unapaka kwa kiganja huku unarudi nyuma, mkono unachora upinde juu ya upinde kama magamba ya samaki. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo tangu utotoni. Nikajiambia, mtu anayeweza kukata koti hawezi kushindwa na mavi ya ng'ombe.

Nilishindwa. Penye upinde nilitoa matuta. Tena nilianzia mlangoni kwenda ndani, nikajikuta nimesimama kwenye pembe ya mbali, mbele yangu tope tupu, sina pa kupita. Lusubilo alicheka mpaka akakaa kwenye debe la udongo mweupe. Kisha akakumbuka chakula cha mzungu wake kiko jikoni, akaondoka akikimbia, makalio meupe.

Ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Unasiliba au unazika mtu?"

Alikuwa Aida, ungo wa karanga kichwani. Alikuwa ametoka sokoni.

"Mama yako anakuja kesho," nikasema kutoka kwenye pembe yangu.

"Najua. Amenituma nitangulie niuze karanga, leo nilale kwa Nesta wa kanisani." Akatazama matuta yangu. "Atakuja aone hiki?"

"Nisaidie, Aida."

"Aliyekufundisha kusiliba ni kobe?"

"Kobe alikuwa anafukua. Mimi nafukia."

Akatua ungo, karanga zilizobaki akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaufudikiza ungo katikati ya tope nikaukanyaga nikarukia nje, kisha akaingia mpaka ile pembe ya mbali, akapiga magoti. Aida alikuwa mashoto. Alikula kwa mkono wa kulia kwa kuogopa kofi, lakini kazi zote nyingine alifanya kwa kushoto. Ule mkono ulikwenda kama unacheza ngoma. Matuta yangu yakafutika, upinde ukakaa juu ya upinde, akarudi nyuma na kurudi nyuma mpaka akatokea mlangoni.

"Lori la Yonasi linakuja kesho kukuchukua?" akauliza akinawa.

"Kesho asubuhi."

"Lina nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Nauliza tu. Nina shangazi Tunduma, shangazi Ferista. Sijamwona muda mrefu."

"Aida, subiri mshenga. Mambo yaende kwa utaratibu."

"Sawa," akasema. Akacheka, akaenda zake.

Wasomaji, mwanamke akisema sawa halafu akacheka, kafunge milango. Mimi sikufunga. Nilikuwa nimeduwaa mbele ya sakafu.

Asubuhi nikawapeleka wanyama kwa Lusubilo. Watasema nikamfunga kwenye kinu, kinu kizito cha mti mgumu. Posta nikamfunika na chungu. Kinyozi sikumpata; alikuwa bado angani na koti la kanisa. Nikasema heri. Aliyepotea haleti ushahidi.

Yonasi akafika mapema. Alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, nusu ya ukoo wake uko ng'ambo ya mpaka, na Kibemba kilimtoka mdomoni bila kutumwa.

"Mulamu," akaniita, yaani shemeji. Alimwita hivyo kila mtu mwenye mzigo. "Pakia upesi. Injini hii nikiizima haiwaki tena mpaka Pasaka."

Akaliegesha lori nyuma ya nyumba, upande wa dirisha, likitetemeka na kukohoa. Tukapakia kitanda, meza, masanduku, tukafunika turubai. Cherehani nikaiweka mbele, pembeni mwa Yonasi, nimeifunga kwa blanketi langu jipya. Mimi mwenyewe nilikuwa nalalia la zamani.

Kisha nikasikia hodi uani.

Mama Aida alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya mnunuzi. Nyuma yake Mzee Barnaba, mrefu, amevaa shati tupu, anatetemeka kwa baridi ya asubuhi.

"Fundi," Mzee Barnaba akasema kabla hata ya salamu kuisha, "koti langu?"

"Linakauka, mzee."

"Lililowa?"

"Nililifua kwa heshima yako."

Mama Aida akavuka kizingiti. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Akainua macho juu kwenye boriti. Akanusa. Niliubana moyo wangu kwa meno.

"Mzee Barnaba," akasema, "huu ukuta hata marehemu hakuupaka hivi."

"Ni kweli," Mzee Barnaba akasema. "Macho yanauma."

"Nilifikiri fundi ni mtu wa maneno tu."

"Mama," nikaanza, na ulimi wangu ukapata mafuta, "nyumba ya mtu ni kama nguo ya mtu. Mimi siwezi kurudisha nguo ya watu ina doa. Nililelewa. Tangu nimeingia hapa, kila jioni nilikuwa najiuliza, hivi marehemu akirudi leo—"

"Sakafu nani amesiliba?"

"Mimi mwenyewe, mama. Kwa mkono wangu huu."

Akainama. Akaifuata ile sakafu polepole kuanzia ukutani mpaka mlangoni, kama mtu anayesoma Zaburi.

"Ulianzia wapi?"

"Mwisho kabisa, nikarudi nyuma." Hilo nilikuwa nimelijua jana.

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama. Kushoto si adabu."

Kwenye ndoo pembeni palibaki tope kidogo la samadi, nililoliacha la kuziba nyufa. Akalisogeza kwa mguu mpaka mbele yangu, akanionyesha kipande kidogo chini ya dirisha ambacho Aida hakukifikia. "Malizia hapo, nikuone."

"Sasa hivi, mama? Nimevaa koti na tai."

"Tai haisilibi."

Nikapiga magoti. Nikatumbukiza mkono wa kulia hadi kwenye kifundo, nikapaka. Ilitoka kama ng'ombe mwenyewe amepita.

Mama Aida akasema, si kwangu, ila kwa Mzee Barnaba, kwa sauti ya chini sana.

"Mzee, wanawake wote wa Mbangala upinde wao unapinda kulia. Mmoja tu anapinda kushoto. Nimempiga vidole tangu mdogo, hakuacha. Mkono ulioandika sakafu hii nimeuzaa mimi."

Nilitaka kusema kitu. Nakumbuka nilifungua mdomo. Lakini yule mama akanyanyua mkono kunizuia, akavuta kitenge chake kikafunika kichwa na uso wote, akanigeuzia mgongo, akatembea mpaka mlangoni, akaketi juu ya kizingiti.

Katikati ya mlango. Mlango mmoja. Nyumba ya mlango mmoja.

"Amefanya nini?" nikamnong'oneza Mzee Barnaba.

"Binti wa watu hasilibi nyumba ya mwanaume asiye wake," Mzee Barnaba akasema. "Akisiliba, amekwisha kuingia. Kwa hiyo wewe ni mkwe. Pole. Au hongera. Sijui."

Nikajikuta mwanaume mwenye bahati kuliko wote Tanganyika, na nimefungiwa. Mkwe hapiti mbele ya mama mkwe. Na dirisha la nyumba ile lilikuwa la kupitisha moshi na kichwa, si mabega. Nje lori likakohoa.

"Mulamu," Yonasi akaita kutoka nyuma, "unaaga au unaoa?"

"Mzee Barnaba," nikasema, "tafadhali ongea naye kwa niaba yangu."

"Mimi nimekuja kushuhudia nyumba. Mshenga hatumwi bila kuku." Akasogea dirishani kupunga upepo. Mara akashika ukuta. "Mama Aida."

"Abee."

"Koti langu limepita."

"Na nani?"

"Peke yake. Limepanda kwenye lori."

Nikachungulia kwapani mwake. Kinyozi alikuwa ameketi juu ya turubai, koti limefungwa vifungo vyote, mikono inaburutika. Kama si mkia angeweza kusoma somo la kwanza Jumapili.

"Mzee," nikasema, "hilo nitakueleza."

"Nisikie kwanza hilo lililo uani," akasema.

Uani palikuwa na kishindo. Kitu kilikuwa kinaburutwa, kinagonga mawe, kinaburutwa tena. Akatokea Watasema, ulimi nje, anavuta kinu kizima cha Lusubilo kama ng'ombe wa jembe, na nyuma ya kinu Lusubilo mwenyewe anavuta upande wa pili. Nyuma yao kabisa, chungu kilikuwa kinatembea peke yake. Kilielekea mlangoni, bila haraka.

Watasema akaja moja kwa moja mpaka kizingitini, kwake, mahali alipozoea kulala. Akamkuta mtu. Akamnusa, akalala juu ya miguu ya Mama Aida.

Mabega ya yule mama yakatetemeka chini ya kitenge. Niliomba Mungu awe analia.

"Mzee Barnaba," akasema, "huyu mbwa anaitwa nani?"

Mzee Barnaba akanitazama.

"Watasema," nikanong'ona.

"Watasema, mama."

"Vizuri. Nimepata wa kusema." Akampapasa mbwa kichwani. Na hapo, wasomaji, mbele ya mzee wa kanisa, mama mkwe wangu akaanza kunisemesha kwa kinywa cha mbwa. "Watasema, mwambie aliyekufuga kwamba nimekuona."

Mbwa akapiga mkia chini.

"Mwambie na koti linalopanda lori peke yake nimelisikia. Na chungu kinachotembea nakiona. Mwulize, hao wote ni kuku?"

"Watasema," nikasema kwa adabu, maana hata mimi sikuwa na njia nyingine, "mwambie mama kwamba kuku walikuwa adimu."

Lusubilo akaachia kinu, akakaa chini, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Watasema, mwambie aliniapia kwa jina la mama yake. Mwambie amesema mkono ni wake, na mkono ni wa mwanangu. Uongo juu ya uongo kama upinde juu ya upinde. Wale wawili niliowafukuza hawakufika hata robo yake."

Moyo wangu ukaanguka kwenye ndoo ya samadi.

"Lakini mwambie pia," akaendelea, na sauti ikapungua ukali, "Aida hajapata kumsilibia mtu yeyote. Hata mimi nyumbani namwomba mara tatu. Kama ameinama hapa bila kuombwa, basi moyo umekwisha kwenda, na mimi sitapigana na moyo wa mtoto. Ila kinywa changu hakifunguki bure. Kwetu kinywa cha mama mkwe hufunguliwa kwa jembe jipya na mbuzi. Ndipo atapita mlango huu."

"Watasema," nikasema, "mweleze mama kwamba mbuzi na jembe nitaleta kutoka Tunduma. Nipite tu, lori lisiniache."

"Watasema, mwulize, mtu aliyeniapia kuku nikimwachia mlango atarudi na jembe?"

Watasema akapiga miayo.

"Toa kitu, fundi," Mzee Barnaba akasema. "Kitu cha chuma kishike nafasi ya jembe."

"Sina chuma, mzee. Pasi imo chini kabisa ya mizigo."

"Watasema," sauti ya chini ya kitenge ikasema, "mwambie cherehani ni chuma."

Nyuma ya nyumba injini ya Yonasi ikakohoa.

Wasomaji wangu, cherehani ile ndiyo iliyokuwa shamba langu na ng'ombe wangu. Tunduma bila cherehani ningekuwa mtu mwenye tai amekaa kwenye kibaraza. Lakini upande wa pili wa ile cherehani alikuwepo Aida. Nilipima. Sikupima sana.

"Lusubilo," nikasema, "kailete."

"Una hakika?"

"Kailete kabla sijarudiwa na akili."

Lusubilo akazunguka nyumba, akarudi ameibeba kifuani, blanketi na yote, kama mtoto wa ubatizo. Akaiweka miguuni pa Mama Aida, kando ya mbwa. Posta naye alikuwa amefika. Chungu kikagonga cherehani, kikasimama.

"Na mimi?" Mzee Barnaba akauliza. "Koti langu litapita hivi hivi?"

Nikavua koti langu la pekee, la kuvalia Tunduma, nililolishona kwa kusherehekea kibaraza. Akalivaa. Lilimkaa kuliko lilivyonikaa mimi. Akatia mkono mfukoni. "Mfuko mzima," akasema, akaridhika.

Nikabaki na shati, tai, na mkono mmoja wa samadi. Nimelipa kila mtu.

Ndipo nikasikia nyuma ya nyumba mtu akigonga bodi la lori, ko, ko, kama anavyogonga aliyemaliza kupanda mwenye haraka ya kuondoka.

"Haya mulamu, umeshapanda," Yonasi akajibu kutoka mbele, na gia ikalia.

Nani amegonga? Mimi niko huku. Lusubilo yuko uani. Nikarukia dirishani, nikapenyeza kichwa. Lori lilikuwa limeanza kupanda kilima kwenda barabara ya Tunduma, vumbi nyuma. Kinyozi ameketi juu, koti la kanisa limetulia. Pindo la turubai likainuka kidogo. Mkono ukatoka humo, umeshika karanga, ukampa tumbili. Tumbili akala. Mkono ukatoa nyingine.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Nikavuta kichwa ndani taratibu. Nyuma yangu nikasikia kitenge kinafunuliwa. Mama Aida alikuwa amesimama, amenigeukia, uso wazi kabisa, na wasomaji, ulikuwa uso unaocheka.

"Anyitike," akasema. Hajapata kuniita jina langu. "Umetoa kitu kikubwa. Kinywa kimefunguka, mwanangu. Pita sasa, tusemezane kama watu."

"Ahsante, mama."

"Nianze na dogo. Nimempitia Aida kwa Nesta asubuhi hii, Nesta anasema hakulala kule, na kwa shangazi yake Tunduma sijampa ruhusa. Sakafu hii ya jana ni yake." Akanitazama usoni, macho ya mnunuzi. "Mwanangu yuko wapi?"

Kinywa chake kilikuwa kimefunguliwa kwa cherehani nzima. Changu kikajifunga bure.

Nikamtazama Watasema anisaidie. Mbwa akainuka, akazunguka pembe ya nyumba akiburuta kinu mpaka chini ya dirisha, akakaa, akaelekeza pua barabara ya Tunduma, akaanza kubweka.